Koti la Kilo Nne na Nusu

Mtaani kwetu kaka yangu anaitwa Kipimo. Jina alilopewa na wazazi tunalijua mimi, mke wake na ofisi ya vitambulisho, basi. Ni muuza nyama. Ana miaka thelathini na moja katika bucha lile lile, nyuma ya gogo lile lile la kukatia, ambalo katikati limeliwa na shoka mpaka limebonyea kama sahani. Ukimwambia kilo moja, anakata mara moja, anatupia kwenye mizani, na mizani inalala sawa.

Wenzake siku hizi wana mizani za umeme zenye namba nyekundu. Yeye amebaki na ile ya sahani mbili na mawe yake ya chuma: la robo, la nusu, mawili ya kilo moja, na la kilo mbili. Kila mwaka huyabeba mwenyewe kwenye kikapu kuyapeleka kwa watu wa vipimo yakapigwe muhuri, hata hawajamwita. Nilimwuliza siku moja kama wale watu wanampa zawadi kwa kujipeleka. "Wanasimama nikiingia," akanijibu. Ndivyo alivyo. Kujisifu hakumpi shida.

Muuza nyama wa barabara ya pili aliwahi kumletea jiwe la kilo, anataka wabadilishane kwa siku moja. Kaka hakuliweka hata kwenye mizani. Alilipima kiganjani tu, akamrudishia. "Jiwe lako limekonda," akamwambia mbele ya wateja wote. "Kalilishe kwanza." Yule bwana hajarudi mpaka leo, na jiwe lake sijui alilipeleka wapi.

Nasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyenifanyia yale aliyonifanyia.

Ugonjwa wake ulianza kama kidonda kwenye shina la ulimi. Miezi minane alisema ni mwiba wa samaki. Mimi nikamwambia, "Kaka, samaki gani huyo mwenye mwiba wa miezi minane?" Akamumunya peremende za koo mpaka shingo ikatoa uvimbe kama yai la kuku, ndipo mke wake akamshika mkono akampeleka hospitali. Wakakata kipande wakakipima. Majibu yakaja: saratani, lakini haijaenda mbali. Daktari aliongea kwa kifupi, nikampenda kwa hilo. Mionzi siku thelathini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila Jumatano dripu ya dawa. Akainua kidole. "Zisikatike," akasema. "Hii kazi inapona kwa kufululiza. Ukikatakata siku, ugonjwa unapata nafasi ya kupumua."

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hilo, wala halikuwa gumu kulielewa: kaka afike siku ya thelathini na tano bila kukatika njiani.

Tulijigawa. Wifi yangu, mke wake, akashika bucha. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu inanisubiri mezani bila kuoza, basi nikawa ndiye wa kumsindikiza.

Siku ya kwanza walimtengenezea kinyago. Wanalainisha plastiki yenye matundu kwenye maji ya moto, wanaivutia usoni na shingoni, inakauka ikiwa na sura yako, kisha inafungwa kwenye kitanda cha mashine ili kichwa kisicheze. Kaka alitoka pale na alama za vijitundu usoni. "Nimekuwa kama biskuti," akasema.

Kisha wakatupeleka kwa mtaalamu wa lishe. Chumba chenyewe ni cha mwisho kwenye korido, kidogo, kina mizani ya kusimama, rula ya urefu ukutani, na sahani ya plastiki iliyochorwa mafungu. Mtaalamu mwenyewe ni binti mwembamba ambaye ningeweza kumshonea gauni kwa kitambaa cha mabaki. Kaka aliitazama mizani kabla ya kumtazama binti.

"Hii ilikaguliwa lini?"

"Sijui, mzee wangu."

"Ulize."

Binti akacheka, akamwambia apande. Kilo sabini na moja. Akaandika kwenye kadi, kisha akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari kwenye sitini na nne. "Mzee, koo litauma. Kuanzia wiki ya tatu hata mate utayaogopa. Mimi sitaki ushinde njaa. Kula kidogo kidogo, mara sita, mara nane kwa siku. Kila tonge libebe kitu: maziwa, yai lililoiva vizuri, siagi ya karanga, kijiko cha mafuta juu. Vitu laini, visiwe vya moto, visiwe na pilipili wala ndimu. Suuza kinywa kwa maji ya chumvi kidogo kabla na baada. Na ukishuka chini ya huu mstari, tutakuwekea mpira mwembamba puani uende tumboni, tukulishe hapo."

Kaka alikuwa anatikisa kichwa vizuri tu mpaka hapo kwenye mpira. Hapo akaacha kutikisa. Mimi pia, nakiri, niliangalia pembeni. Baba yetu aliwekewa mpira puani siku ya Ijumaa. Jumapili tulimzika. Hatukuliongea hilo pale, wala njiani. Tulipanda basi, tukazungumza habari za bei ya nyuzi.

Wiki mbili za kwanza alikula. Wiki ya tatu ikafika kama binti alivyosema. Kinywa kikawa chekundu ndani kama kimeunguzwa, na ladha ikaondoka. Mtu aliyekuwa anaonja nyama kwa kunusa tu akaniambia, "Dada, kila kitu kina ladha ya kutu. Nikila nyama ni kama nalamba mnyororo wa kufungia duka."

"Umewahi kuulamba?"

"Sasa nimeulamba."

Hapo ndipo jirani yao naye akaingia, mama mmoja muuza mitumba, mwenye jibu la kila ugonjwa ingawa yeye mwenyewe hata ukucha haujawahi kumwuma. Alimwambia wifi yangu kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, na maziwa pia, na mayai, kwa hiyo amnyime vyote ugonjwa ufe njaa. Nikakuta wifi anampa kaka maji ya majani yaliyochemshwa, kikombe asubuhi, kikombe jioni, na kati ya hapo hakuna kitu.

"Wifi, huyu ni mtu au ni mbuzi?"

"Wifi yangu, nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani? Ana cheti?"

"Ana dada yake aliyewahi kuugua."

"Yuko wapi huyo dada?"

Wifi akainamia kile kikombe cha majani. Nikampigia simu binti wa lishe, nikaweka sauti ya juu asikie mwenyewe. Binti hakumkemea, alimwambia taratibu: "Mama, ukimnyima chakula, ugonjwa haulali njaa. Unamla yeye. Mpe maziwa." Wifi alilia kidogo, akafuta machozi kwa kanga, akaenda kuweka sufuria jikoni. Tangu siku hiyo hakuna mke aliyepika kwa akili kama yeye. Jirani alipokuja na mzigo mwingine wa majani, wifi aliupokea kwa shukrani, akaupeleka kwa sungura wa watoto wa nyumba ya pili.

Lakini kupika ni kitu kimoja na kumeza ni kingine. Kaka alichukua bakuli, akakaa nalo kama mtu anayelinda mgonjwa, na baada ya saa nzima bakuli lilikuwa vile vile na uji umeota ngozi juu.

Wiki hiyo hiyo ya tatu alikuja kwangu na koti lake la kijivu.

"Nishonee mifuko ya ndani. Minne. Ya jinzi, mshono mara mbili."

"Ya nini?"

"Kadi, simu, kitambulisho. Hospitali kuna wezi."

Nikaona ni akili. Nikakata jinzi nzito, nikashona mifuko minne imara, nikazikaza na kona zake kama za magunia. Kazi nzuri, nilijisifu. Mpaka leo nikiikumbuka najizaba kofi la moyoni.

Baada ya hapo kadi ikatulia. Sitini na sita na gramu mia nane. Wiki ya nne, sitini na sita na mia moja. Inashuka, lakini kwa adabu. Binti wa lishe akafurahi. "Mzee unajitahidi! Wengine wiki hii wanaporomoka." Kaka akakohoa, akatazama viatu vyake.

Sasa mnisikilize. Mimi ndiye ninayempunguzia suruali. Wiki ya tatu nilipunguza inchi moja kiunoni. Wiki ya nne inchi moja. Mwisho wa wiki hiyo akaleta tena, inchi moja na nusu, na mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya yaliyotobolewa kwa ncha ya kisu cha bucha. Futi yangu inasema mtu anayeyuka, kadi ya hospitali inasema yupo. Nikajiambia labda ni maji, labda ni mifupa, mimi nimeishia darasa la saba, sijui. Nilijua. Mtu akiwa anaogopa jibu, haulizi.

Na wifi naye alikuwa na lalamiko lake. "Wifi, kuna mchawi bucha. Kila Jumatatu mawe ya mizani yanapotea, Jumanne nayakuta mahali pake. Jana nimepima kilo mbili kwa robo robo mpaka wateja wakanicheka."

"Mchawi gani huyo anayerudisha?"

"Ndiyo maana naogopa zaidi."

Jumatatu ndiyo siku ya kupima uzito hospitali. Mtoto wa chekechea angeunganisha. Mimi nilicheka tu na uchawi wa wifi, nikaendelea kupiga pasi.

Jumatatu ya wiki ya tano ilikuwa siku ya ishirini na moja ya mionzi. Alipima asubuhi: sitini na tano na gramu mia mbili. Binti akaandika. Tukaenda chumba cha mashine, kaka akaingia, mimi nikakaa kwenye benchi na soksi nilizokuwa narekebisha. Hazikupita dakika tano nikasikia kishindo ndani, kama mtu ameangusha nondo. Mlango ukafunguka. Bwana wa mionzi akatoka amebeba koti la kaka kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Mama, shika hili. Limeng'oa ndoano ukutani. Lina nini humu?"

Nikalipokea. Kazi yangu ni nguo, najua koti la sufu linapaswa kuwa na uzito gani. Lile lilinivuta mabega. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wangu mwenyewe wa jinzi, wenye mshono wangu mwenyewe mara mbili, vidole vikagusa chuma cha baridi. Kushoto, jiwe la kilo mbili. Kulia, mawe mawili ya kilo moja moja. Mfuko wa chini, la nusu. Alikuwa ameyagawa kulia na kushoto yalingane, koti lisipinde. Hata katika wizi anatafuta usawa!

Kilo nne na nusu. Toa kwenye sitini na tano na mia mbili. Ile hesabu ya darasani niliifanya kwa vidole, nikairudia. Sitini na gramu mia saba. Mstari mwekundu alikuwa ameuvuka zamani, tena bila kupiga hodi.

Bwana wa mionzi akatoka tena, uso umekunjamana. "Leo sijampiga mionzi. Kinyago kinacheza. Vidole viwili vinapita shavuni. Kichwa kikisogea, mionzi inaenda pasipotakiwa. Nimwandikie daktari. Lakini sielewi, kadi yake inaonyesha hajapungua sana. Labda plastiki imeharibika." Akaondoka anajikuna kichwa.

Kaka akatoka anafunga vifungo vya shati. Akaliona koti magotini kwangu, akaona na uso wangu. Akaketi. Kwenye benchi lile tulikuwa sisi wawili na ndoo ya mfagiaji.

"Leo umepima ngapi?" nikamwuliza.

"Sitini na tano na..."

"Na koti?"

Sauti yake wakati ule ilikuwa imebaki kama mkwaruzo wa karatasi.

"Dada, usiseme."

"Nisiseme nini? Kwamba nimemshonea mwizi mifuko?"

"Zimebaki siku kumi na tano. Nitafika. Nilikuwa napima bucha kila Jumatatu, kwenye ile mizani ya kutundikia mizoga, najua kilichopungua, naongeza kinacholingana. Ila naachia gramu kidogo zishuke, isionekane ajabu."

"Umefikiria vizuri kweli. Ungekuwa umekula kwa bidii hiyo hiyo ungekuwa na kitambi."

"Mpira sitaki." Akatazama ukuta. "Baba aliwekewa Ijumaa."

Nilikaa na lile koti, chuma kinanibana mapaja. Kisha nikakumbuka Jumatano.

"Kaka, ile dripu. Kila wiki nesi anachukua kadi kabla ya kuchanganya. Anaangalia nini?"

"Uzito."

"Wa nani?"

Akaanza kufunga upya kifungo alichokwisha kukifunga.

"Wanapima dawa kulingana na mwili wako, wewe unawapa mwili wa chuma. Keshokutwa watachanganya dawa ya mtu mkubwa kuliko wewe. Na kinyago kimewaambia ukweli, kadi imewaambia uongo, sasa wanadhani plastiki ndiyo mbovu. Miaka thelathini na moja, kaka. Umewahi kuweka kidole kwenye mizani ya mteja?"

"Sijawahi."

"Basi leo umemwekea binti wa watu. Unamkumbuka yule bwana wa barabara ya pili? Jiwe lako limekonda, ulimwambia."

Nilijua nimepiga panapouma. Alinyanyua uso akanitazama kwa hasira ya kweli, hasira nzuri, ya bucha, ambayo sikuwa nimeiona kwa mwezi mzima. Akanyakua koti. Nikadhani anaondoka zake. Akageukia korido, upande wa chumba cha mwisho.

Nilimfuata nyuma nikakuta ameshaingia bila kubisha. Binti wa lishe alikuwa na chai mkononi. Kaka akatoa la nusu akaliweka mezani. Akatoa la kilo. La kilo tena. Lile la kilo mbili lilipotua, kijiko kiliruka kwenye kisahani.

Binti akatazama mawe, akatazama kadi.

"Mzee wangu... haya ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa," kaka akasema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Yana muhuri. Geuza uone."

Akavua viatu, akapanda mizani mwenyewe. Sitini na gramu mia saba. Hesabu yangu ya vidole ilikuwa sahihi, naomba iandikwe.

Binti hakupiga kelele. Alikata kwa mstari mmoja namba zote za uongo, akaandika ya kweli, akamwita daktari kwa simu papo hapo asimamishe dawa ya Jumatano mpaka ihesabiwe upya. Kisha akasogeza kiti akakaa mbele ya kaka, magoti kwa magoti.

"Nani aliwekewa mpira?"

Hatukuwa tumemwambia. Kumbe anawajua watu kama sisi, wanaoogopa kwa mtindo mmoja.

"Baba yetu," nikasema mimi.

"Alikuwa amefikia wapi?"

"Mwisho."

"Basi aliwekewa mwisho, ili asiumie. Wewe, mzee, uko katikati. Katikati tunaweka ili mtu afike. Ukimaliza, koo likipona, unautoa, unarudi kwenye kijiko. Mkeo akikupikia mara sita na ukameza mara moja, unanidanganya mimi, sawa, lakini mwili haudanganyiki. Umeona kinyago."

Kaka akalichukua jiwe la nusu, akaligeuza kiganjani. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa siku, huo mpira unapitisha kiasi gani? Kwa kipimo."

Nikajua tumempata.

Waliuweka siku ile ile alasiri. Ni mwembamba kuliko nilivyofikiri, kama kamba ya kiatu. Alikunja uso, akameza maji alipoambiwa ameze, ukaingia. Wakahakikisha umekaa tumboni ndipo wakaubandika shavuni kwa plasta. Kesho yake wakampiga picha upya, wakalainisha plastiki nyingine, wakamtengenezea kinyago cha uso wake mpya mwembamba. Tulipoteza siku tatu. Daktari alisema tatu zinabebeka, ila mbele ya kaka alizitaja kama mtu anayetaja meno yaliyong'olewa.

Sasa ndipo Kipimo akarudi kuwa Kipimo. Hospitali walitupa maziwa ya unga maalumu ya kuanzia, na binti akamfundisha wifi jinsi ya kusaga vya nyumbani viwe laini kama maji ya rangi. Kaka alichukua daftari, akachora mistari: saa, kiasi, maji ya kusukumia kabla, maji ya kusukumia baada. Mara sita kwa siku. Anakaa wima kama askari, anashika bomba la sindano juu, chakula kinateremka chenyewe taratibu, na baada ya hapo nusu saa halali. Wifi akichelewa dakika tano, anagonga meza kwa kijiko.

"Mume wangu, hata mtoto mchanga ananisubiri!"

"Mtoto mchanga hana ratiba ya daktari."

Mara moja mpira uliziba. Wifi alikuwa ametia siagi ya karanga haikuchujwa vizuri. Jasho lilimtoka, akanipigia simu analia kwamba amemuua. Nilimwambia asisukume kwa nguvu, wampigie binti. Wakautibu kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, ukazibuka. Siku hiyo nilimshonea wifi vichujio sita vya kitambaa chepesi kilichofuliwa, vyenye kamba ya kukaza mdomoni. Kwa mara hii nilishona kitu cha maana.

Wiki ya pili ya mpira alisema anakwenda bucha. Wifi akamkatalia, mimi nikamkatalia, akaenda. Hakuinua shoka, alikaa kwenye kiti nyuma ya mizani akiweka na kutoa mawe, basi. Nilikuwa nimepita kuchukua maini. Kila mtu kwenye foleni aliukwepa ule mpira, akatazama orodha ya bei ukutani kama ana mtihani wa kuisoma. Ndipo akaingia fundi baiskeli wa kona, mtu asiye na breki mdomoni.

"Ah, Kipimo! Huo waya puani, umechomekwa chaji?"

Wifi alishika kisu vibaya. Kaka akamtazama fundi baiskeli, akasema kwa mkwaruzo wake:

"Nimechomekwa. Nimefika asilimia sitini. Wewe kichwa chako kimezima tangu lini?"

Duka likacheka mpaka mbwa wa nje akasimama. Baada ya hapo kila aliyeingia aliuliza waziwazi, unakula nini, unaumia, unalala nao? Naye akawaeleza, gramu kwa gramu, kama anauza. Mama muuza mitumba alikuwa kwenye foleni. Alitoka bila kununua.

Kadi ikaanza kusema kweli na ukweli wenyewe haukuwa mbaya. Sitini na gramu mia mbili. Wiki iliyofuata sitini na mia tisa. Kisha sitini na moja na mia nne. Koo lilikuwa bichi, usiku alikohoa, shingo ilibabuka ikawa nyeusi kama imepigwa moshi, na nyama bado ilikuwa kutu. Lakini kila asubuhi alikuwa amevaa viatu kabla sijafika kumchukua. Suruali nilizopunguza aliniambia nisizikate kitambaa cha ndani. "Nitakihitaji."

Siku ya thelathini na tano iliangukia Jumatano. Aliingia kwenye mashine akatoka. Bwana wa mionzi akampa mkono, akampa na kinyago chake kama atakitaka. Akakitaka. Wifi, aliyekuwa amefunga bucha siku hiyo, akasema kitu hicho hakilali nyumbani kwake, na walibishana korido nzima, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mkwaruzo.

Chumba cha mwisho, binti alikuwa ametayarisha kadi. Kaka akavua koti la kijivu, akaning'iniza mifuko yote nje, minne ya ndani na miwili ya pembeni, ikalegea kama masikio ya mbwa. Akavua viatu. Lakini hakupanda. Akachukua kikapu kutoka kwa wifi, akatoa lile jiwe la kilo mbili.

"Mzee!" binti akaruka. "Tena?"

"Tulia, binti yangu. Siku ya kwanza nilikuuliza hii mizani ilikaguliwa lini. Umeuliza?"

Binti akaona aibu. "Sijauliza."

"Nilijua." Akainama taratibu, akaliweka jiwe katikati ya mizani, akalitazama kwa jicho moja. Namba zikacheza, zikatulia. Mbili kamili, sifuri, sifuri.

"Iko sawa," akasema. Akaliondoa jiwe, akampa wifi alishike. Akapanda yeye, kwa soksi, mikono wima ubavuni, mpira umebandikwa shavuni, macho mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Sote watatu tuliinama kusoma. Sitini na moja na gramu mia nane.

"Andika," akasema Kipimo.